Upepo Wao, Mto Wetu

Stima ilipotea saa kumi kasorobo, gunia la tatu likiwa nusu mashineni. Hapa Ngao huhitaji kuambiwa, unasikia. Mashine ya kukoboa mpunga ina muungurumo wake, na inaponyamaza ghafla watu huinua vichwa kama walioitwa. Tulikuwa watu sita na magunia kumi na moja. Mwenye mashine, ambaye nitamwita Mama wa Kinu kwa sababu ndivyo tunavyomwita sote, alikwenda kwanza kuzima swichi kubwa ukutani, maana stima ikirudi kwa kishindo hula mota. Kisha akakung'uta kumvi kwenye leso, akaketi juu ya gunia langu.

Majina ya wenzangu nayaacha. Mmoja ni Mwalimu, hufundisha fizikia sekondari. Mwingine ni Fundi, kijana anayefunga sola kuanzia Minjila mpaka Kipini. Yuko Mzee, aliyelima mpunga wa mafuriko tangu kabla bwawa la Masinga halijajengwa, na Mfugaji, Muorma aliyekuja kutafuta pumba za ndama wake, mtu wa maneno machache na masikio marefu. Mimi nilikuwa na gunia moja na kalamu.

Aliyeuwasha moto ni Fundi.

"Si niliwaambia? Ni ule upepo wa Turkana. Ukilala, na sisi tunalala."

"Hujui," Mwalimu akamkata. "Huenda ni tawi la mwembe limeangukia waya hapo Tarasaa. Si kila giza ni la upepo."

"Na tarehe 6 Septemba 2024? Ile nayo ilikuwa mwembe?"

Mwalimu alinyamaza kidogo, kwa sababu siku ile anaikumbuka kila mwenye friji. Saa mbili na dakika 56 asubuhi, laini inayoleta stima ya upepo huo wa Turkana kutoka Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, ilijikata kwenye kituo cha Suswa ikiwa imebeba megawati 288. Ikafuatia laini ya Ethiopia, iliyokuwa na megawati 200. Jumla 488, zikatoweka kabla mtu hajamaliza kikombe cha chai, na sehemu kubwa ya Kenya ikazimika.

"Haya, tuichukue hiyo hiyo," akasema Mwalimu. "Mitambo ya Loiyangalani iko 365, na yote pamoja mwisho wake ni megawati 310. Siku ile ilikuwa inatoa 288. Upepo ulikuwa umelala hapo? Ulikuwa unavuma karibu na ukomo wake. Kilichokatika ni waya."

"Kwangu mimi ni mamoja. Taa imezimika."

"Si mamoja hata kidogo! Upepo ukipungua, unapungua kwa hatua. Huu umelegea, ule bado unazunguka, na walio kwenye kituo cha kuongoza gridi pale Juja Road, Nairobi, wanaiona namba ikishuka. Wanapata dakika za kujipanga. Waya ukikatika haubishi hodi."

Fundi hakukubali, na kwa haki yake alikuwa na la kusema. Alikumbusha Agosti 25, 2023, giza lililoingia mpaka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Siku ile lawama zilirushwa kama mpira. Wasimamizi wa gridi walitaja kupotea kwa stima ya upepo. Wenye mitambo wakajibu kwamba volti za gridi ndizo zilizopanda kupita kiasi, na mitambo ikajizima ili isiungue. "Kwa hiyo," akasema Fundi, "ukiuliza nani kamwangusha nani, kila mmoja anaonyesha kidole upande wa pili. Mimi mteja wangu wa Oda hajali. Ananiuliza tu paneli ni pesa ngapi."

*

Mama wa Kinu alikuwa amesikiliza muda mrefu huku akichezea punje za mpunga kiganjani.

"Mwalimu, hebu nielewesheni. Pale Loiyangalani pamekatika, sawa. Lakini Olkaria ipo. Kiambere ipo. Mombasa kuna majenereta ya mafuta. Kwa nini mmoja akianguka aangushe ukoo mzima?"

Nimesoma maelezo mengi ya jambo hili, na karibu yote yananipotezea usingizi bila kunielimisha. Alichofanya Mwalimu ni kunyanyuka, akazunguka nyuma ya banda palipo na injini ya zamani ya dizeli, ile ambayo Mama wa Kinu alirithi kwa marehemu mumewe na huiwasha stima ikikosekana siku mbili mfululizo. Akaipiga kofi kama ng'ombe.

"Mama, hii ikiwa inakoboa, ukamwaga mpunga mwingi kwa pupa, inafanyaje?"

"Inaguna."

"Halafu?"

"Halafu naongeza mafuta kidogo. Au nashika mdomo wa mashine kwa mkono, mpunga uteremke polepole."

"Na usipofanya hivyo?"

"Inazidi kuguna, inapunguza mwendo, inazima. Na ikizima na mzigo tumboni, kuiwasha tena ni vijana wawili wa kuzungusha hendeli, na lazima kwanza uuchokoe mpunga wote. Saa nzima imekwenda."

"Na unajuaje kwamba inakaribia kuzima?"

Alimtazama kama mtu aliyeulizwa anajuaje mwanawe analia. "Kwa sauti, Mwalimu. Sauti inakuwa nzito."

"Basi umekwisha kujua kazi ya wale wa Juja Road, na hukuhitaji cheti. Sauti ya gridi ya Kenya ni mizunguko 50 kwa sekunde, hertz 50. Kila jenereta nchini, la maji, la mvuke, la mafuta, linazunguka kwa kufuata wimbo huo mmoja. Watu wakiwasha taa nyingi kuliko stima inayotolewa, sauti inakuwa nzito, inashuka chini ya 50. Stima ikizidi, inapanda. Muda wote, usiku na mchana, mtu anasikiliza sauti hiyo na kuongeza mafuta au kupunguza. Megawati 488 zikitoweka ghafla, ni kama umemwaga gunia zima kwa mkupuo. Majenereta yaliyobaki yanaguna. Gridi inakata baadhi ya maeneo kwa makusudi ili kupunguza mzigo. Isipotosha, majenereta mengine yanajitoa kujilinda, moja, la pili, la tatu. Hapo ukoo mzima umelala, na kuuamsha ni kazi ya hendeli."

Mama wa Kinu akacheka. "Kumbe wananisumbua kwa jambo ninalolijua."

*

Swali zuri zaidi, kwa maoni yangu, lilitoka kwa Mfugaji, aliyekuwa ameegemea fimbo yake mlangoni. Aliuliza kwa utaratibu: upepo ukipungua, ni nani anayeongeza mafuta?

Mwalimu alihesabu kwa vidole. Mvuke wa Olkaria ndio unaobeba sehemu kubwa zaidi ya stima ya Kenya. Lakini mvuke hupenda mwendo mmoja kama punda wa mzigo; visima vya joto la ardhi havifunguliwi na kufungwa kila upepo unapobadilika nia. Majenereta ya mafuta ya Kipevu na Rabai yanaweza kupanda na kushuka, ila ni ghali, na gharama yake hurudi kwenye tokeni. Stima ya Ethiopia huja kwa mkataba.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni maji. Unafungua njia ya maji, mtambo unapokea ndani ya muda mfupi sana. Unafunga, unatulia. Hakuna kinachojua kuucheza wimbo wa upepo kama maji."

"Maji ya wapi?" Hiyo ilikuwa sauti ya Mzee. Alikuwa hajasema neno tangu stima ipotee.

"Turkwel yapo kidogo. Sondu Miriu. Lakini zaidi..." Mwalimu alisita. "Zaidi ni ya Tana, mzee wangu. Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Mabwawa matano yamefuatana kama shanga, maji yale yale yanapita yote matano. Karibu megawati 600."

Pakawa kimya. Kutoka pale tulipokaa mto hauonekani, lakini harufu yake inafika.

"Basi sema hivyo tangu mwanzo," akasema Mzee. "Upepo ni wa Marsabit. Stima inakwenda Nairobi. Na mwenye kuubembeleza upepo usilie ni mto wetu."

(Kwa msomaji asiyejua: wimbo wa taifa wa Kenya umejengwa juu ya wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Mzee anapotaja kubembeleza, ana haki miliki.)

*

Kuanzia hapo mjadala haukuwa tena wa upepo na giza. Nautia hapa kama nilivyousikia, maana walikuwa wanakatizana.

MZEE: Masinga ilijengwa 1981. Kabla ya hapo mto ulikuwa unapanda mara mbili kwa mwaka, mvua za masika na za vuli. Unapanda, unalala mashambani, unaacha tope jeusi. Maji yakianza kurudi, sisi nyuma yake na mpunga. Samaki ziwani, majani ya ng'ombe wa huyu bwana, maembe kando ya mto, vyote kwa mafuriko. Walipofunga kule juu, mafuriko yakawa madogo, yakawa ya kubahatisha. Sasa mwaniambia maji yale yanashikwa ili taa ya Nairobi isipepese?

MWALIMU: Mzee wangu, tutenganishe mambo mawili. Kuna kufungua na kufunga kwa saa, na kuna kuhifadhi kwa msimu. Gitaru ikifunguliwa saa moja usiku watu wanapopika, wimbi lile linaingia Kindaruma, halafu Kiambere, halafu lina mamia ya kilomita za mchanga na mipindo kabla ya Garissa, na Garsen bado. Likifika hapa si wimbi tena. Huwezi kuliona kwenye kigingi chako cha mtumbwi.

MZEE: Sikusema nimeliona. Nasema mpunga sijauona.

MWALIMU: Hilo la pili nalikubali. Masinga hubeba takriban mita za ujazo bilioni moja na nusu. Hiyo ni akiba ya msimu, na ndiyo iliyonyonya mafuriko yako. Lakini upepo haukuijenga Masinga! Mitambo ya Loiyangalani imeanza kuingiza stima mwishoni mwa 2018. Bwawa limeutangulia upepo kwa miaka 37. Na tena upepo unakuokolea maji. Kila saa mitambo ile inapozunguka, kuna maji yanayobaki Masinga. Unakumbuka 2009? Ukame uliifanya Masinga ifungwe kabisa, nchi ikakodi majenereta ya dizeli ya dharura. Hapakuwa na upepo wa kutusaidia wakati huo, zaidi ya vimitambo vya Ngong.

MZEE: Yanabaki Masinga. Umesema mwenyewe. Yanabaki *Masinga*.

Hapo Mwalimu alipigwa, na alijua amepigwa. Maji yakiokolewa na upepo hayatumwi Ngao kama zawadi. Yanawekwa kwa ajili ya jioni, na kadiri upepo unavyoongezeka kwenye gridi, ndivyo akiba ile inavyozidi thamani kwa mwenye kuongoza majenereta, na ndivyo anavyozidi kuwa mgumu kuiachia bure. Hakuna ubaya wa mtu katika hilo. Ungekuwa wewe unayesikiliza ile sauti ya 50 usiku kucha, ungefanya vivyo hivyo.

MZEE: Na yanapojaa, hawana pa kuyaweka, ndipo wanatukumbuka. Novemba 2023 barabara ya Garsen kwenda Lamu tuliivuka kwa mashua. Mei 2024 Masinga ilijaa kuliko ilivyowahi kujaa. Wakati tunayataka yanashikwa, wakati hatuyataki yanakuja yote na nyoka juu.

MWALIMU: Bwawa lililojaa hufurika lenyewe, mzee, si mtu aliyevuta kamba. Na chini ya Kiambere kuna mito inayoingia kutoka Meru na Tharaka isiyopita kwenye bwawa lolote.

MZEE: Na wanazungumzia jingine, High Grand Falls, kubwa kuliko Masinga, ili hata hiyo ya Tharaka waishike.

Mwalimu hakujibu hilo. Alichukua punje ya mpunga akaitafuna.

*

Mama wa Kinu, wakati wote huo, alikuwa anatafuta kitu kwenye simu. Akakipata, akasoma kwa sauti kama mtu anayesoma barua ya deni, na kweli ndiyo ilikuwa. Ujumbe wa tokeni: kiasi cha stima, gharama ya mafuta, forex, WARMA, REP, EPRA, VAT.

"Forex naijua, ni kupanda na kushuka kwa dola..."

"Na yuro," akadakia Fundi. "Stima ya upepo wa Turkana tumeinunua kwa yuro, mkataba wa miaka 20. Na mitambo ikiwa tayari sisi hatujawa tayari kuipokea, tunalipa. Laini ya kwenda Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilichelewa zaidi ya mwaka mmoja. Tukalipia upepo uliokuwa unawapiga mbuzi tu."

"Hii WARMA ni nini?"

"Ni ushuru wa maji," akasema Mwalimu. "Jina la mamlaka ya zamani ya rasilimali za maji, siku hizi ni WRA. Wanaozalisha stima kwa maji hutozwa, na tozo inashuka kwa mteja. Senti chache."

"Ya mto upi?"

"Zaidi ni... huu."

Mama wa Kinu aliiweka simu chini taratibu. "Yaani nimezaliwa kando ya Tana, nimefua Tana, nimekoboa mpunga wa Tana, na kila nikinunua tokeni nalipia maji ya Tana. Na zile senti nazo zinashuka na mto, au zinaishia huko huko juu?"

Tulicheka sote, Mfugaji zaidi. Kisha yeye ndiye akaleta jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria. Alisema tusidhani wa Marsabit wanafurahi huku sisi tukilia. Ardhi ile ya upepo, ekari 150,000, ilikuwa ya malisho, na Oktoba 2021 mahakama ya ardhi iliyoketi Meru ilisema hatimiliki zake zilipatikana kinyume cha sheria. "Upepo wao, mto wetu," akasema. "Wote tumetoa. Nani amepokea?"

Nimeuiba msemo wake kuwa kichwa cha makala hii, naye ameniomba pumba kama malipo.

*

Fundi alikuwa amesubiri zamu yake kama mfanyabiashara.

"Mnazunguka. Dawa ni betri. Australia Kusini, jimbo lenye upepo mwingi, lilizimika lote Septemba 2016 dhoruba ilipoangusha nguzo. Mwaka uliofuata wakaweka betri ya megawati 100 pale Hornsdale, kando ya mitambo ya upepo. Betri haigunishwi. Inajibu kabla hujapepesa jicho. Wekeni betri Suswa, mto upumzike."

Mwalimu hakubisha, ila alitia maji kwenye tui. Betri kama ile huokoa dakika na saa chache, akasema. Hushika gridi mkono isianguke waya unapokatika, na kwa kazi hiyo ni bora kuliko maji. Lakini haiwezi kuhifadhi upepo wa msimu mzima. Denmaki, ambako upepo hutoa zaidi ya nusu ya stima, haitegemei betri kubwa. Ina nyaya chini ya bahari hadi Norwe tangu miaka ya 1970. Upepo ukivuma sana, Norwe hununua na kufunga maji yake. Ukitulia, Norwe hufungua na kuuza. "Na Mnorwe analipwa kwa kazi ya kusubiri," akaongeza, akimtazama Mzee. "Hapo ndipo tofauti ilipo."

Tena akasema jambo ambalo wanaolaumu upepo hulisahau: kosa la Kenya ni kuweka sehemu kubwa ya upepo mahali pamoja. Loiyangalani ni 310, Kipeto kule Kajiado ni 100, Ngong ni robo ya hiyo. Upepo wa Loiyangalani hubanwa kati ya milima, na huvuma kwa nguvu zaidi usiku kuelekea alfajiri, watu wanapokoroma. Mwendo wake ukipungua nusu, nguvu yake haipungui nusu, hubaki sehemu moja kati ya nane. Na saa nane usiku nchi hutumia kama nusu tu ya kilele cha jioni, ambacho mwaka 2025 kilipita megawati 2,300. Upepo wa pwani una saa zake nyingine, huinuka mchana bahari inapopumua. Ungekuwepo wa kwetu, mmoja angelegea mwingine akikaza. Mpango wa megawati 90 pale Baharini, Lamu, ulikuwepo na ukakwama kwenye migogoro ya ardhi. Laini kubwa ya Rabai, Malindi, Garsen mpaka Lamu inapita hapo na ingeweza kuupokea.

"Ardhi tena," akasema Mfugaji.

"Ardhi tena," Mwalimu akakubali.

Hapa nilidhani tumefika mwisho, kila mtu na lake, kama ilivyo desturi ya mijadala ya kungojea stima. Lakini Mzee aliuliza swali moja lililokuwa la kihandisi kuliko yote, ingawa hakujua.

"Hayo mafuriko yangu. Wakikubali kuniachia, tuseme wiki mbili, mwezi wa tano, maji mengi mfululizo. Yatapita kwenye mitambo au pembeni?"

"Mitamboni, kadiri inavyoweza. Ukiyapitisha pembeni umemwaga stima."

"Usiku na mchana?"

"Mafuriko hayalali, mzee wangu."

"Basi hiyo stima ya usiku itakwenda wapi, na umesema usiku upepo ni mwingi na watu wamelala?"

Mwalimu alifungua mdomo, akaufunga. Nilimwona akipiga hesabu. Ndilo fundo lenyewe. Wiki mbili za maji kamili zinaleta mamia ya megawati za usiku zisizoweza kuzimwa, wakati ule ule upepo wa Loiyangalani uko kileleni na mvuke wa Olkaria tayari unaachiwa hewani kwa kukosa mnunuzi. Ili mto ushuke Ngao, ama mitambo ya upepo isimamishwe na ilipwe bure kwa yuro, ama mvuke zaidi umwagwe, ama pawe na mtu wa kula stima usiku. Mafuriko ya Mzee yamezuiliwa na usingizi wa taifa.

"Kumbe ni mimi," akasema Mama wa Kinu.

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye wa kula stima usiku. Nipeni bei. Viwanda vikubwa vilipewa punguzo la usiku tangu Desemba 2017, nilisikia redioni. Mita yangu haijui mchana wala usiku, saa tisa na saa tisa ni bei moja. Mnipunguzie nusu baada ya saa nne usiku, nitakoboa mpaka alfajiri. Mpunga hauoni giza. Mashine za barafu za wavuvi wa Kipini nazo usiku. Pampu za mashamba ya Gamba usiku. Kwani maji ya mfereji yana haja ya jua?"

Gamba alilitaja kwa makusudi. TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi, ile ile iliyojenga Masinga na Kiambere, ndiyo iliyoanzisha mradi wa mpunga pale, na El Niño ya 1997 na 1998 ikaubomoa. Mkono mmoja ulishika maji juu, wa pili ukaahidi mpunga chini.

"Mashine yako ni kilowati kumi na tano, mama," akasema Fundi. "Unahitaji elfu ngapi kama hiyo kuokoa mafuriko ya babu?"

"Elfu kumi na zaidi," akajibu Mwalimu badala yake. "Si nyingi kwa nchi. Ni vinu, barafu, pampu, pikipiki za kuchaji. Norwe ina maji, Denmaki ina nyaya. Sisi tuna watu ambao wangefanya kazi usiku kama ungelipa vizuri."

Mimi, niliyekuwa nikiandika tu, nina langu hapa. Kila mkutano wa stima ya upepo niliowahi kuusoma unazungumzia wanaozalisha na wanaotumia. Wa tatu hatajwi, yule aliyebeba tofauti kati yao. Katika gridi ya Kenya huyo ni bonde la mto, na halina kiti. Sidhani kwamba ni njama. Nadhani hakuna aliyewahi kuiandika kazi ile kama kazi, kwa hiyo haina bei, na kisicho na bei hakiulizwi. Mwalimu anadhani nimetia chumvi, kwa sababu bila akiba ya Masinga hospitali ya Ngao ingekuwa gizani mara nyingi zaidi. Huenda. Tumekubaliana kutokubaliana, na gunia langu bado halijakobolewa.

*

Stima ilirudi saa moja na nusu usiku, balbu ikawaka nyekundu kwanza kisha nyeupe. Mama wa Kinu alihesabu pumzi kama ishirini kabla ya kuigusa swichi. Mota ikanguruma. Watu wakaanza kusukumana na magunia.

Mzee hakusukumana. Alisimama chini ya balbu akiitazama.

"Mwalimu, hii ya sasa ni ya upepo au ya mto?"

"Huwezi kuitenga, mzee wangu, ni bwawa moja la..."

"Saa hii. Kila mtu anapika. Ni nani kafunguliwa?"

Mwalimu akatabasamu. "Saa hii? Saa hii ni mto zaidi."

"Basi," akasema Mzee, akalivuta gunia lake mbele ya yetu yote, "mnikobolee kwanza."